Siku Namba Yangu Ilipokataliwa na Kompyuta

Mimi si mtu wa kusoma sana. Niliacha shule mapema, mama alipojifungua mapacha na mtu wa kubaki nao akawa mimi. Biblia naisoma, karatasi ya dawa ya ng'ombe naisoma, na simu naijua. Kwa hivyo nikieleza habari ya mjukuu wangu na kompyuta, mtu asifikiri najifanya fundi. Nasema nilichokiona na alichonieleza jikoni kwangu, basi.

Mjukuu huyu ni binti wa kijana wangu wa kwanza. Ana jina langu, ndiyo desturi yetu, na nafikiri ni kwa sababu hiyo hajawahi kuniogopa vile wengine wananiogopa. Alisomea mambo ya kompyuta Nakuru, akamaliza, halafu akakaa hapa Subukia muda mrefu bila kazi, akikata nyasi za nepia na kuosha mitungi kama mtu ambaye hakusoma chochote. Hakulalamika. Lakini mimi namjua. Akiwa na huzuni anafagia sana. Wakati ule uwanja wangu ulikuwa umefagiwa mpaka mawe yakatokeza.

Kisha kampuni moja ndogo pale Nakuru mjini ikamchukua kwa majaribio, na kazi ya kwanza waliyompa aifanye peke yake ikawa ya chama chetu cha maziwa. Chama kilitaka programu ya kompyuta. Karani apime maziwa, aweke namba ya mwanachama, na mwenye maziwa apate ujumbe kwa simu hapo hapo. Bosi wake alimwambia bila kuzunguka: Jumamosi asubuhi tunaionyesha kamati kwenye kituo cha maziwa. Ikienda vizuri, umeajiriwa. Isipoenda, nampa mtu mwingine na wewe tunaachana.

Alikuja Ijumaa ili alale kwangu, kwa sababu kituo kiko hapo chini tu kwa barabara. Alifika na begi na hiyo kompyuta yake amejifunga nayo kifuani kama mtoto. Nilimpa githeri. Kabla hajaonja akasema, "Ngoja cucu," ndivyo anavyoniita mimi bibi yake, "kuna kitu kimoja nataka kuweka," akafungua, akaandika kidogo, akacheka peke yake, akafunga. Ndipo akala.

Baada ya kula akaiwasha ile programu. Ikakataa kuwaka.

Nilijua imekataa kwa sababu aliacha kuongea. Alikuwa ananihadithia habari za mwenye nyumba wake huko mtaa wa Rhonda, mama mmoja anayezima maji akikasirika, na katikati ya hadithi akanyamaza. Nikageuka kutoka kwa jiko. Kioo cha kompyuta kilikuwa kimejaa maandishi mekundu kutoka juu mpaka chini.

"Nini hiyo?"

"Si kitu, cucu."

"Mbona nyekundu kama si kitu?"

Akaiwasha tena. Nyekundu tena. Akasema pengine ni ile sehemu inayoweka kumbukumbu ndiyo haijafunguka. Akaifungua, akajaribu. Nyekundu. Akabadilisha neno la siri. Nyekundu.

"Zima uwashe," nikamwambia. "Kwa redio yangu hiyo ndiyo dawa."

"Nimezima, cucu."

"Ipige kidogo pembeni."

"Cucu!"

"Redio naipiga."

Akacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha kunifurahisha mimi. Nikamwekea chai, nikavuta kiti nikakaa karibu naye. Mbaazi za kuchagua zilikuwa mapajani kwangu, kwa hivyo sikukaa bure.

"Nieleze," nikasema. "Na usinieleze kama mwalimu."

Akafikiri. Halafu akasema hivi, na mpaka leo nakumbuka kwa sababu nilielewa.

"Wewe ukikamua, cucu, hauendi kutafuta ndoo. Unakaa kwa kile kiti chako na mimi ndiyo nakuletea ndoo, maji ya moto, na mafuta ya chuchu. Si ndiyo?"

"Ukiwa umeamka."

"Nikiwa nimeamka. Sasa hii programu iko na vipande vingi, na vyote viko hivyo. Hakuna kinachojitafutia. Kila kimoja kinasema tu, mimi nahitaji hiki na hiki ndiyo nianze kazi. Halafu kuna mtambo wa chini ambao tumejengea hii kitu yote juu yake, tunauita fremu. Huo ndio unasoma faili ya mipangilio na kumpelekea kila mmoja kitu chake."

"Na leo umekosa kupeleka?"

"Umepeleka. Lakini kuna kipande kimoja kimeletewa kitu sicho. Kimeomba ndoo, kikaletewa kikapu. Na kimoja kikikataa, wote hawaanzi."

"Si waanze, huyo mmoja abaki na kiburi chake?"

"Hawawezi. Na afadhali hivyo, cucu. Afadhali ikatae hapa jikoni kuliko ikatae wakati maziwa yako kwa mzani."

Hilo nililikubali. Nikamuuliza sasa ni kipande gani. Akasema hajui bado, kwa sababu kikikataa, kinamlaumu aliyekileta, na aliyekileta anamlaumu aliyemtuma, na kila lawama inaandikwa kwa urefu wake. Ndiyo maana maandishi yalikuwa mengi vile. Nikamwambia hiyo inafanana na kesi za mashamba hapa kwetu. Akasema kabisa, na kwamba mwenye makosa mara nyingi yuko chini kabisa.

Akaanza kusoma kutoka chini akipanda. Alisoma kwa kidole kwenye kioo. Mimi nilikuwa namtazama uso, maana kioo hakinisaidii. Nikaona amefika mahali akasimama. Akasoma tena. Akaweka mkono mdomoni.

"Nini?"

"Cucu, ni wewe."

"Mimi nimefanya nini? Nimekaa hapa na mbaazi zangu."

"Ni namba yako."

Hapa nieleze, kwa sababu mtu wa mbali hatajua. Kwenye chama chetu kila nyumba ina namba. Mzee akifa, namba haifungwi, kwa sababu ng'ombe ni wale wale na wanakamuliwa asubuhi ile ile, hata siku ya mazishi. Karani anaongeza tu herufi. Mke aliyebaki anapewa M, ya mjane. Mzee akiwa na wake wawili, wa kwanza ni A, wa pili ni B, ili maziwa yasigombaniwe. Hakuna mkutano uliowahi kukaa kupanga hivyo. Makarani walifanya kwa mkono, mmoja akamfundisha mwingine, na sisi tukazoea. Mimi ni 47M. Nikifika kituoni karani anaita, "Arobaini na saba M, leta!" na najua ni mimi, si mtu mwingine yeyote. Shemeji yangu alitaka ile namba baada ya mzee wangu kufariki, akisema mwanamke ataipeleka wapi. Karani wa wakati huo akachukua kalamu akaandika M, akaniambia, "Mama, kesho ulete maziwa yako." Basi.

Mjukuu wangu anaijua 47M tangu akiwa mdogo wa kubeba kibuyu. Lakini hakuwahi kufikiri ni kitu cha ajabu. Ofisini kwao waliambiwa wanachama wana namba, na wao wakajenga kila kitu kikingoja namba tupu, isiyo na herufi. Walipokuwa wanajaribu waliweka moja, mbili, tatu, na ikawaka vizuri. Sasa alipofika kwangu, kile kitu alichoandika kabla ya kula kilikuwa hicho. Kwenye faili ya mipangilio kuna mahali pa namba ya mwanachama wa majaribio, yule wa kwanza kutumiwa ujumbe. Alitoa ile moja, akaweka 47M. Fremu ikaichukua, ikajaribu kuigeuza iwe namba ya kuhesabika, ikakuta herufi mwishoni, ikashindwa. Haikuweza kumpelekea yule aliyeomba namba. Ndiyo hiyo nyekundu yote.

"Kwa nini uliniweka?" nikamuuliza.

"Nilitaka ujumbe wa kwanza uje kwa simu yako," akasema. "Mbele ya wote."

Nikaendelea kuchagua mbaazi, na nyingine nzuri nikazitupa.

Akampigia bosi wake. Aliweka ile sauti ya wazi kwa sababu mikono yake ilikuwa kwa kompyuta, kwa hivyo nilisikia yote.

"Toa hiyo herufi," bosi akasema. "Weka moja kama zamani. Bora iwake kesho."

"Lakini bosi, wako wengine wengi wenye herufi. Karibu kina mama wote wazee."

"Hao tutawashughulikia baadaye. Kesho tunaonyesha tu. Sikiliza, usianze kubomoa nyumba siku ya wageni. Ukigusa vitu vingi na isiwake, mimi sitakutetea. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Alikata simu. Alikaa akitazama mlango. Nje mvua ilikuwa imeanza, ile ya Subukia inayoshuka kutoka mlimani bila kubisha hodi.

Nikamwambia, "Toa."

"Nitoe nini?"

"Hiyo herufi. Toa, mami. Mtu amekwambia utoe, na ndiye mwenye kazi."

"Nikitoa M inabaki namba ya guka."

"Guka wako, mzee wangu, hana haja nayo. Ako mbinguni, na huko hakuna kupima maziwa."

Alicheka mpaka akashika tumbo, na mimi nikafurahi nikadhani yameisha. Nilikuwa nasema ukweli. Nilitaka apate kazi. Namba yangu nilikuwa nimeipenda miaka mingi, lakini mtoto huyu nimempenda zaidi, na sikutaka tena kuona uwanja wangu umefagiwa vile.

Kisha akapangusa macho akasema, "Na Jumatatu je? Nikiweka moja kwa mipangilio, kesho itawaka vizuri sana. Watapiga makofi. Halafu Jumatatu mama wa kwanza mwenye herufi afike kwa mzani, imkatae. Ama karani aone shida, aitoe herufi mwenyewe, na maziwa yaingie kwa mtu alikufa."

"Jumatatu utakuwa umeajiriwa."

"Ndiyo hivyo, cucu. Mimi nitakuwa nimeajiriwa, na wewe utakuwa umesimama kwa mzani na mtungi wako ukiambiwa hauko."

Nilimkemea. Nilimwambia watu wazima wanajua kusimama, na kwamba ujana ni kujifanya unabeba kila mtu. Alinisikiliza kwa heshima. Halafu akavuta kompyuta karibu, akaanza kubomoa.

Maneno matamu mimi sina. Sikuyapata kwa mama yangu na sikuyatafuta. Nilichofanya ni kuchota maji yeye asichote, kuwafunga kuku, kuleta jiko la makaa nikaliweka karibu na miguu yake. Nilimvisha koti la guka, lile zito, mabegani. Hakuuliza. Aliingiza mikono tu huku anatazama kioo.

Kwanza alijaribu njia ya mkato. Akakiambia kile kipande kisiombe tena namba ya kuhesabika, kiombe maandishi tu, yoyote yale. Kikakubali. Lakini kipande cha pili, kinachopanga wanachama kwa mfuatano, kilikuwa kinangoja namba kutoka kwa kile cha kwanza, nacho kikakataa. Akakirekebisha, cha tatu kikakataa. Nilimwona anahema. Akasema akienda hivyo atafika kwa kila kipande na hatamaliza. Akarudisha vyote kama vilivyokuwa.

Akaanza upya. Alinieleza kwamba sasa anaifundisha fremu yenyewe. Anaandika kitu kidogo kinachoitwa kigeuzi. Fremu ikikutana na 47M, isikimbie. Imuulize kigeuzi, naye atasema, huyu ni arobaini na saba, na herufi yake ni M, wawili hawa wanatembea pamoja. Na 12B hivyo hivyo. Na mwenye namba tupu apite bila kusumbuliwa.

"Hiyo ungeanza nayo," nikasema.

"Ningejua ningeanza."

Aliandika, akaiwasha. Nyekundu. Lawama ile ile, neno kwa neno, kana kwamba hakuwa amefanya chochote. Na hapo stima ikapotea.

Kwetu stima ikipotea na mvua hairudi upesi. Kompyuta ilikuwa imebaki na nguvu kidogo sana. Alitaka kuendelea, nikaifunga mimi mwenyewe, nikaiweka kabatini pamoja na sahani za wageni.

"Cucu, tafadhali."

"Ikizimika kabisa kesho utaonyesha kamati nini? Sanduku? Lala."

Alilala kwa kitanda changu, upande wa ukuta, kama zamani. Nilidhani atalia. Hakulia. Alinishika tu shuka la begani, akalala amelishika.

Stima ilirudi alfajiri, wakati ninaamka kwenda kukamua. Nilichomeka kompyuta yake, nikamwacha amelala, nikaenda bandani. Ndoo nilijiletea mwenyewe. Nilikuwa kwa ng'ombe wa pili niliposikia miguu inakimbia kwa matope. Akatokea mlangoni na koti la guka na gambuti zangu, moja imeingia mguu usio wake.

"Cucu, imewaka!"

"Punguza sauti, utamshtua ng'ombe aache kutoa."

Akaongea kwa kunong'ona, lakini alikuwa anarukaruka. "Kigeuzi kilikuwa sawa tangu jana. Kilikuwa sawa kabisa! Shida sikukisajili. Nilikiandika nikakiacha pembeni. Fremu haikujua kama kipo. Nimeongeza tu mahali pa kusema, huyu yupo, mtumie. Ikawaka yote."

"Kwa hivyo fundi alikuwa ndani ya nyumba na hakuna aliyemwambia mwenye nyumba."

"Hivyo hivyo."

"Haya. Shika huyu mkia, ananipiga."

Akashika mkia. Nilimaliza kukamua bila kumtazama, kwa sababu macho yangu yalikuwa na maji, na mimi huwa sifanyi hayo mbele ya ng'ombe.

Kituoni tulikuta kamati imefika, wamevaa makoti. Bosi alikuja kutoka Nakuru na gari dogo lililojaa matope mpaka vioo. Ni kijana, nilidhani ni mzee kwa ile sauti. Alinisalimia vizuri, "Habari ya asubuhi, mathe," kisha akamvuta mjukuu wangu kando. Nilisogea. Sikujificha, nilisogea tu.

"Umeweka moja?"

"Sikuweka. Nimefanya isome herufi."

Alifunga macho. "Nilikwambia nini?"

"Uliniambia. Lakini imewaka, bosi. Nimejaribu za kila aina."

"Ikilala mbele ya hawa wazee..." Hakumaliza, kwa sababu mwenyekiti alikuwa anapiga makofi watu wakae kimya.

Karani aliniita kwanza. Nikaweka mtungi wangu kwa mzani. Mjukuu wangu alimwonyesha pa kubonyeza, naye akaandika kwa kidole kimoja, polepole, nne, saba, M. Simu yangu ikalia mfukoni mwa aproni. Nilipoitoa niliisoma kwa sauti, kwa sababu niliona hawataamini. Ilikuwa na kilo zangu na namba yangu yote.

Halafu mwenyekiti, ambaye ni mtu wa kupenda kujaribu watu, akasema wawajaribu wale wake wawili wa jirani yake, A na B, tuone kama itawachanganya. Haikuwachanganya. Yule mke mdogo, B, akasema kwa sauti, "Hata mzee mwenyewe alikuwa anatuchanganya!" na kituo kizima kikaanguka kwa kicheko, hata bosi.

Bosi hakusema mengi. Alipoona mama wa nne mwenye herufi amepita, alimwendea mjukuu wangu pale kwa mzani.

"Hiyo kazi ya jana uniandikie vile uliifanya. Jumatatu uwaonyeshe wengine."

"Kwa hivyo niko?"

"Uko. Lakini siku nyingine nikisema usibomoe, nipigie simu kabla ya kubomoa."

"Nitapiga."

Akamshika mkono, akarudi kwa mwenyekiti. Mjukuu wangu alisimama kidogo, kisha akatembea taratibu mpaka nyuma ya stoo, pale wanapoosha mitungi, akachuchumaa, akaweka uso kwa magoti. Mabega yakaanza kutikisika. Watu walikuwa wanapita na mitungi yao kwenda kwa bomba, na wengine walikuwa wameanza kugeuza shingo.

Nilienda nikasimama mbele yake, nikapanua leso yangu kama ninaikung'uta. Jirani yangu mmoja mwanamume alikuwa anakaribia na mtungi wake.

"Wewe!" nikamwambia. "Huo mtungi umeosha na nini? Unanuka mpaka hapa."

"Mama, niliuosha nyumbani asubuhi."

"Umeosha nje tu. Rudi. Nyote rudini, bomba hili lina shida."

Walirudi wakinung'unika. Nilibaki pale nimesimama, mgongo wangu kwake, nikiwafokea waliokuwa wanakuja mmoja mmoja, mpaka nilipohisi mkono wake umeshika upindo wa sketi yangu. Nikauacha ushike.